Mieleka ya mikono: Mbinu za kushinda bila kuvunjika mkono

WAHENGA walinena kwamba mwenye nguvu mpishe. Katika mieleka ya mikono, methali hiyo ni kweli nusu tu.

Aghalabu barobaro mwenye kifua kipana na misuli iliyotuna huegemeza kiwiko mezani akiwa na yakini ya ushindi. Muda si muda, mkono wake hulazwa na mtu mwembamba ambaye hakuna shabiki aliyemtilia maanani.

Hapo hapana mazingaombwe. Mshindi hakupambana na mabega ya mwenzake. Alipambana na vidole, kiganja na kifundo cha mkono wake, viungo ambavyo wengi wanaonyanyua vyuma husahau kuviimarisha.

Mchezo huu umeenea katika mabweni ya shule, gereji, vituo vya matatu na maskani za vijana kwa sababu hauna gharama. Meza moja na watu wawili hutosha. Hata hivyo, urahisi huo huficha hatari. Mtu anaweza kuondoka mezani akiwa amevunjika mfupa wa mkono, ilhali hakuanguka wala hakupigwa na yeyote.

Jambo ambalo wachezaji wengi wa mitaani hawalifahamu ni kwamba kosa linalomfanya mtu ashindwe mara nyingi ndilo hilo hilo linalomvunja mkono. Kwa hivyo, anayejifunza kushinda kwa mbinu sahihi hujifunza papo hapo namna ya kuulinda mfupa wake.

ASILI YA MASHINDANO

Binadamu wamepimana nguvu za mikono tangu jadi, lakini mashindano yenye mpangilio wa kisasa yalipata umaarufu katika mji wa Petaluma, jimbo la California nchini Marekani.

Mnamo 1952, mwanahabari Bill Soberanes alianzisha mchuano wa aina hiyo katika baa moja ya mji huo. Kufikia 1962, mchuano huo ulikuwa umepandishwa hadhi na kuitwa ubingwa wa dunia.

Mnamo 1968, mchoraji Charles Schulz aliusawiri katika katuni zake za Peanuts. Mbwa Snoopy alifunga safari hadi Petaluma kushindana, lakini akaondolewa kwa kuwa hakuwa na kidole gumba. Ulikuwa mzaha, ila ulibeba funzo: pasipo gumba hapana mshiko, na pasipo mshiko hapana mchezo.

Shirikisho la kimataifa liliundwa mnamo 1977, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yakaandaliwa nchini Kanada mnamo 1979.

Umaarufu wa mchezo uliongezeka zaidi kupitia filamu ya Over the Top ya mwaka wa 1987, ambamo Sylvester Stallone aliigiza dereva wa lori. Katika mashindano halisi yaliyoandamana na utayarishaji wa filamu hiyo, yaliyoandaliwa Las Vegas mnamo 1986, Mmarekani John Brzenk alishinda kitengo cha madereva wa malori na kutuzwa lori. Kwa miaka mingi baadaye, jagina huyo aliendelea kuwalaza wapinzani waliomzidi uzani kwa mbali.

Barani Afrika, mieleka ya mikono ilikuwa miongoni mwa michezo iliyoshindaniwa katika Michezo ya Afrika ya 2023, ambayo ilifanyika jijini Accra, Ghana, mnamo Machi 2024.

MEZA NA KANUNI

Ili kuzielewa mbinu, ni sharti kwanza kuifahamu meza. Katika mashindano rasmi wachezaji husimama, na meza huwafikia takriban kiunoni. Juu yake huwa na mito minne: miwili ya kuegemezea viwiko, na miwili mingine, mmoja kila upande, ambayo ndiyo shabaha ya kulazia mkono.

Pembeni mwa meza husimamishwa vigingi viwili. Mchezaji hushika kigingi kwa mkono usioshindana, na anapokiachilia huwa amefanya kosa.

Refa huhakikisha kwamba viganja vimekutana katikati ya meza, vifundo vya mikono vimenyooka na mabega ya wachezaji yamelingana. Pia ni lazima fundo la kidole gumba lionekane, yaani lisifunikwe na vidole vya mpinzani. Baada ya hapo ndipo hutoa amri ya kuanza.

Anayeondoa kiwiko juu ya mto wake hutozwa kosa. Vivyo hivyo anayeanza kabla ya amri, na anayejichomoa mkononi kwa makusudi anapoona anaelekea kulazwa. Kwa kawaida, makosa mawili katika raundi moja humpokonya mchezaji raundi hiyo.

Iwapo mikono itateleza na kuachana pasipo kosa la yeyote, refa huwafunga viganja kwa ukanda kisha pambano huanza upya. Wachezaji hugawanywa kwa uzani, jinsia na umri, na mkono wa kulia hushindaniwa kando na wa kushoto.

SIRI IMO KATIKA WENZO

Mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia anakumbuka habari za wenzo na egemeo. Mlango husukumwa kwa urahisi mtu akigusa karibu na kitasa, lakini huwa mzito akisukuma karibu na bawaba.

Mkono uliosimamishwa mezani ni kama mlango huo. Kiwiko ndicho bawaba na ncha za vidole ndizo kitasa. Mchezaji anayeshika juu, karibu na vidole vya mpinzani, hutumia nguvu kidogo kumwinamisha. Anayeshikwa hivyo hubaki akisukuma karibu na bawaba, na nguvu zake nyingi hupotea bure.

Kanuni ya pili inahusu pembe ya kiwiko. Msuli wa mbele wa mkono, ule ambao vijana hupenda kuutunisha, hufanya kazi vyema mkono ukiwa umekunjwa. Mkono ukinyooshwa, msuli huo hupungukiwa na uwezo. Ndiyo maana mchezaji stadi huuvuta mkono wa mpinzani kuelekea kwake kabla ya kujaribu kuulaza. Anapofanya hivyo, kiwiko chake hubaki kimekunjwa ilhali cha mwenzake kinafunguka.

Kanuni ya tatu ni kuutumia mwili mzima. Bega linapaswa kuwa karibu na kiganja, na mwili uegemee meza. Anayeshindana kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kulia chini ya meza, na mguu wa kushoto humsaidia kujisukuma. Anayetegemea mkono peke yake ni kama aliyeingia vitani na askari mmoja ilhali amewaacha wengine kambini.

MBINU TATU KUU

Mbinu ya kwanza ni ya kuviringisha kiganja kwa juu. Hii humfaa mwenye vidole virefu na kigasha imara, yaani ile sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Mchezaji hushika juu kadiri kanuni zinavyoruhusu. Amri inapotolewa, hasukumi kando mara moja. Kwanza huvuta nyuma kuelekea kwake, huku akikizungusha kiganja chake ili kielekee kwa mpinzani. Shinikizo lote huishia kwenye vidole vya mwenzake, navyo vikianza kufunguka, kifundo hupinduka nyuma na kiganja hubaki wazi. Hapo ndipo mkono hulazwa, tena kwa wepesi.

Mbinu ya pili ni ya kulabu. Mchezaji hukunja kifundo chake kwa ndani ili kiganja kielekee kifuani mwake, mfano wa ndoana inayomnasa samaki. Kisha humvuta mpinzani karibu na kumlaza kwa nguvu za mkono wa juu, kifua na mgongo.

Mbinu hii humfaa mwenye mkono mfupi mnene na kifundo kigumu. Nguzo yake ni kifundo kilichokunjwa. Kikifunguka, kulabu hunyooka na samaki huponyoka.

Mbinu ya tatu ni ya msukumo wa bega. Mchezaji huleta bega lake nyuma ya kiganja, akakielekeza kiganja chini, kisha akasukuma kwa uzito wa mwili na msuli wa nyuma ya mkono, kana kwamba anasukuma gari lililokwama matopeni.

Msukumo una kishindo, lakini ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Bega halina budi kusafiri pamoja na kiganja. Bega likitangulia na kiganja kikaachwa nyuma, mchezaji huwa ameingia mahali pa hatari.

Hakuna mbinu iliyo mfalme wa nyingine zote. Mwenye vidole dhaifu atateswa na kiviringo, na anayejua kiviringo tu hutaabika anapovutwa ndani na mwenye kulabu. Bingwa ni yule anayemsoma mpinzani mapema na kubadilisha mbinu katikati ya pambano.

PAMBANO HUAMULIWA MWANZONI

Mapambano mengi huamuliwa kabla ya amri kutolewa au sekunde chache tu baada yake. Kwa sababu hiyo, wachezaji wazoefu huchukua muda kutafuta mshiko.

Kila mmoja hujaribu kupandisha kiganja chake juu kidogo, kukaza vidole na kuondoa nafasi tupu baina ya viganja. Mshiko uliolegea humpa mpinzani mwanya wa kupanda.

Amri inapotolewa, lengo la kwanza liwe kukitawala kiganja cha mpinzani, si kukigusisha kwenye mto. Anayekimbilia kusukuma kando huku kifundo chake kimelegea huwa anamsaidia mwenzake kumfungua. Haraka haraka haina baraka.

Mpinzani akihimili shambulio la kwanza, haifai kuendelea kusukuma kwa papara hadi pumzi ziishe. Mchezaji stadi huuzuia mkono pale ulipo, akapumua, akarekebisha kifundo, kisha akashambulia mwenzake anapoonyesha dalili za kuchoka.

Anayeelekea kulazwa naye hajashindwa bado. Anaweza kuuzuia mkono kwa kuleta mwili wote upande ule ule unakoelekea mkono wake, huku macho yakitazama kiganja. Akigeuza uso na kifua upande wa pili kwa matumaini ya kujikwamua, atapoteza pambano, na huenda akapoteza mengi zaidi ya hayo.

JINSI MFUPA UNAVYOVUNJIKA

Mfupa ulio kati ya bega na kiwiko ni imara kwa kubeba na kuvuta, lakini haukuumbwa kuhimili msokoto mkali. Katika mieleka ya mikono, bega huusokota kwa upande mmoja ilhali mpinzani anausokota kwa upande wa pili kupitia kigasha.

Mchezaji anapogeuza kifua na kuuacha mkono nyuma au kando ya bega lake, misuli hushindwa kugawana mzigo. Mfupa hubaki peke yake kama kitambaa kinachokamuliwa maji. Unapozidiwa, huvunjika kwa mzunguko, aghalabu katika sehemu ya chini iliyo juu kidogo ya kiwiko. Mlio wake husikika na walio karibu.

Kinachoshangaza ni kwamba mfupa unaweza kuvunjika hata pale wachezaji wanapolingana na hakuna anayesogea, au kwa yule anayejitahidi kumaliza pambano kwa kishindo.

Karibu na mfupa huo hupita neva inayowezesha kifundo na vidole kuinuka. Wakati mwingine hujeruhiwa pamoja na mfupa, na kiganja kikaninginia bila nguvu. Mara nyingi neva hiyo hupona, lakini huchukua miezi kadhaa. Kwa fundi, dereva au mwanafunzi anayekaribia mtihani, hiyo ni miezi ya kukosa riziki au masomo kwa sababu ya mchezo wa dakika moja.

Kwa vijana waliobaleghe karibuni, hatari huwa upande wa ndani wa kiwiko. Kipande cha mfupa mahali hapo huwa hakijaungana kikamilifu na mfupa mkubwa, na kinaweza kung'olewa na msuli unaokivuta. Walimu na wazazi hawana budi kulizingatia hili, kwa kuwa umri huo ndio wa kushindana mabwenini.

Kinga ni nyepesi kuikumbuka. Kiganja kisiachwe nje ya upana wa mabega. Kifua kielekee mahali kiganja kilipo. Macho yatazame mikono, si mashabiki. Marefa waliohitimu humwonya mchezaji anayejiweka katika hali ya hatari, na huweza kusimamisha pambano. Mtaani hakuna refa, kwa hivyo kila mchezaji hana budi kuwa refa wa nafsi yake.

Ajali ikitokea, mkono usikandwe wala usinyooshwe kwa nguvu. Ufungwe kifuani kwa leso au shuka ili usitikisike, kisha majeruhi afikishwe hospitalini apigwe picha ya eksirei.

MAZOEZI YASIYO NA GHARAMA

Misuli huimarika haraka kuliko kano, zile kamba zinazoiunganisha na mifupa. Hii ndiyo sababu wanaoanza mchezo kwa pupa hulalamika kuhusu maumivu ya kiwiko baada ya wiki chache. Mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki yanatosha, na siku za katikati ziwe za mapumziko.

Nyundo ya kawaida ni kifaa bora. Mchezaji huishika mwisho wa mpini na kuegemeza kigasha mezani, kisha huizungusha polepole kulia na kushoto. Zoezi hilo hujenga uwezo wa kuzungusha kiganja, ambao ni uti wa mgongo wa mbinu ya kuviringisha.

Mtungi wa plastiki wa lita 5 uliojaa maji huwa na uzani wa takriban kilo 5. Mpini wake ukizungushiwa kitambaa kinene, kuunyanyua huimarisha vidole. Mchezaji akikalisha kigasha juu ya paja na kukunja kifundo pekee, hujenga nguvu za kulabu.

Taulo iliyotundikwa kwenye tawi imara au mtambaapanya nayo ni ya manufaa. Mchezaji huishika na kujivuta juu, na kwa njia hiyo huimarisha mshiko na mgongo kwa pamoja.

Kabla ya kushindana, ni muhimu kupasha mwili joto kwa dakika kadhaa. Mazoezi ya mezani na mwenzake yawe ya kujifunza, kila mmoja akitumia nusu ya nguvu zake. Maumivu makali upande wa ndani wa kiwiko ni ishara ya kusitisha, si ya kuvumilia.

NGUVU NAZO ZINA NAFASI

Itakuwa kupotosha kudai kwamba mbinu hushinda kila kitu. Mnamo 2008, Devon Larratt wa Kanada alimpiku Brzenk 6-0. Mnamo Juni 2022, Larratt mwenyewe alilazwa 6-0 jijini Dubai na Levan Saginashvili wa Georgia, pandikizi la mtu lililomzidi sana kwa uzani.

Wachezaji wote watatu ni mabingwa wa mbinu. Maarifa yanapolingana, mwenye mkono mzito zaidi huwa na faida, na ndiyo sababu wachezaji hugawanywa kwa mizani. Mbinu humwezesha mnyonge kumwangusha mwenye nguvu asiyejua, lakini mwenye nguvu anayejua ni mlima mwingine.

Kwa hivyo, mbinu ya mwisho haihusu vidole wala bega. Ni ile ya kutambua kwamba mkono umekwisha kutawaliwa, kifundo kimefunguka na bega limeanza kusokoteka. Anayeuachia mkono wake ulale wakati huo hupoteza raundi moja tu na anaweza kurejea mezani kesho yake. Anayeng'ang'ania kwa kuogopa vicheko vya wenzake anaweza kurejea akiwa na chuma kilichopachikwa mfupani.

Asiyekubali kushindwa si mshindani.